Barabara Nayo Ina Mila Zake



Kila mwaka kamati zetu hukodi magari: kwaya inakwenda kuimba, vijana wanakwenda kongamano, wafadhili wanatembelea miradi. Tunapanga chakula, malazi na ratiba. Habari ya mwendo wa gari tunamwachia dereva peke yake. Somo la robo hii linatuuliza kama tunafanya vema.

Gari litokalo Tanzania kwenda Rwanda huvuka mto Kagera pale Rusumo. Likifika ng'ambo, dereva aliyekuwa akipita kushoto hana budi kupita kulia. Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanatumia kulia. Tofauti hiyo imo katika sheria na madereva wanaijua. Zinazotusumbua zaidi ni zile zisizoandikwa.

Chukua mfano wa indiketa. Kwa sheria maana yake ni "nageuka". Lakini katika barabara zetu kuu, dereva wa lori akiwasha ya kulia, aliye nyuma huelewa "usinipite, kuna gari linakuja". Akiwasha ya kushoto, huelewa "pita, kweupe". Ng'ambo ya Rusumo magari hupitana kwa kushoto, hivyo taa ileile ya kushoto ni onyo kwa anayetaka kupita. Ishara ni moja, maana ni mbili, na kati yake kuna roho za watu.

Pikipiki nazo ni hivyo hivyo. Kigali bodaboda hubeba abiria mmoja, naye huvaa helmeti. Kwetu, mahali pengi, mshikaki wa watu watatu hatuushangai tena.

Wengine husema, "Sisi ndivyo tulivyo." Je, ni kweli? Tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ya Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia kwa siku moja. Februari 2004 Kenya ilianza kutekeleza kanuni za Waziri John Michuki: mikanda kwa abiria wote na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa katika matatu. Mwaka 2008, hukohuko Kenya, watafiti walibandika ndani ya matatu maandishi ya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Madai ya bima ya magari hayo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Barabara ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba abiria waliruhusiwa kusema.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021. Zaidi ya nusu walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani watu wa kawaida kama waumini wetu.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Lakini mila inayoua ni heri kuiacha.

Maswali ya kujadili:

1. Katika safari yetu ya mwisho, nani alikuwa na wajibu wa kumwambia dereva apunguze mwendo? Alisema?

2. Je, ratiba zetu humlazimisha dereva kukimbia au kusafiri usiku?

3. Kabla ya kukodi gari, tunakagua mikanda na matairi, au tunauliza bei tu?

Tukikubaliana hata jambo moja na kuliandika katika kumbukumbu za kikao, tutakuwa tumeanza.