Mimi Ni Sikio: Somo la Kwanza la Kijapani kwa Watoto wa Shule za Msingi

Andika neno "mimi" ubaoni mbele ya darasa la Gredi ya Nne hapa Eldoret, kisha uwaambie watoto kwamba kwa Kijapani neno hilo lina maana ya sikio. Watacheka. Waambie kwamba "hana" ni pua, "uma" ni farasi, "kuni" ni nchi, na "nani" ni nini. Watacheka tena, na kabla kicheko hakijaisha watakuwa wamejua maneno matano ya Kijapani na kuyatamka vizuri.

Makala hii ni ya mwalimu na mzazi anayejiuliza kama Kijapani kinaweza kufundishwa katika shule ya msingi, kifundishwe namna gani, na kimfae mtoto kwa lipi. Tutaeleza mahali pa lugha hii katika mtaala, mtaji alio nao mtoto wa hapa, somo la kwanza la dakika 30, na mwisho tahadhari ambayo kila mzazi anapaswa kuisoma kabla hajatoa pesa yoyote.

KWA NINI KIJAPANI, NA KWA NINI HAPA

Uhusiano wa wakimbiaji wetu na Japani ni wa miaka mingi. Douglas Wakiihuri alikwenda huko mwaka wa 1983 kufanya mazoezi chini ya kocha Kiyoshi Nakamura, akarudi kuwa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Rome mwaka wa 1987 na kushinda nishani ya fedha katika Olimpiki za Seoul mwaka wa 1988. Eric Wainaina, aliyeishi na kufanya mazoezi Japani, alishinda shaba mjini Atlanta mwaka wa 1996 na fedha mjini Sydney mwaka wa 2000. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alikwenda mwaka wa 2002 akiwa na umri wa miaka 15 kusoma shule ya upili mjini Sendai. Miaka sita baadaye, Beijing, akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni katika Olimpiki, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32.

Hadi leo shule za upili, vyuo vikuu na makampuni ya Japani huchukua vijana kutoka Kenya kukimbia ekiden, yaani mbio za barabarani za kupokezana ambapo wanariadha hupeana mshipi wa kitambaa badala ya kijiti. Wengi wa vijana hao hutoka maeneo yetu ya Bonde la Ufa.

Hebu mfikirie kijana wa miaka 15 anayefika huko bila neno hata moja la lugha. Kocha anazungumza Kijapani, mwalimu wa hisabati anazungumza Kijapani, na daktari pia. Goti likimuuma atalionyesha kwa kidole. Moyo ukimuuma ataonyesha nini? Mtoto aliyeanza kuizoea sauti ya lugha hiyo akiwa na miaka 9 au 10 hatakuwa bubu siku atakapoihitaji. Na hata asipoihitaji kamwe, atakuwa amejifunza kusikiliza kwa makini, na hiyo ni faida ya kudumu.

MAHALI PA KIJAPANI KATIKA MTAALA

Kwanza tuweke jambo moja wazi. Kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010, kaunti husimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Shule za msingi ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Lugha za kigeni zilizoandaliwa katika mtaala wa umilisi kwa shule za msingi ni Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kimandarini. Kijapani hakimo.

Kwa hiyo Kijapani hakiwezi kuchukua kipindi cha hisabati au cha Kiswahili. Nafasi yake ni klabu ya baada ya masomo, kama klabu ya muziki au ya mazingira, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na kwa ridhaa ya wazazi. Mara mbili kwa wiki, dakika 30 kila mara, inatosha. Hakuna mtihani wala alama.

MTAJI ALIO NAO MTOTO WA HAPA

Watu wengi huogopa Kijapani kwa sababu ya maandishi yake. Lakini mtoto hujifunza lugha kwa sikio kwanza, na kwa upande wa sauti mtoto wa Uasin Gishu hana sababu ya kuogopa.

Kiswahili kimeshampa irabu. Kijapani kina irabu tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Silabi nyingi ni konsonanti na irabu, kama zetu: sa-ku-ra, ya-ma, ka-wa. Hata ile "n" ya Kijapani inayosimama peke yake haimtishi mtoto anayesema "n-chi" na "m-tu" kila siku. Neno "hon", yaani kitabu, lina mapigo mawili: ho-n.

Kiswahili pia kimemzoesha namna ya kukaribisha maneno ya kigeni. Sisi tulichukua neno la Kiingereza tukasema "basi". Wao wakasema "basu". Sisi tunasema "hoteli", wao "hoteru". Tena sisi na wao tulikutana na wageni walewale. Wareno walifika Mombasa mwaka wa 1498 na Japani mwaka wa 1543. Sisi tulibaki na neno "meza", wao wakabaki na neno "pan", maana yake mkate.

Kikalenjin kimempa mtoto kitu ambacho Kiswahili peke yake hakimpi. Ni lugha inayotofautisha maneno kwa urefu wa irabu na kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Kijapani nacho hufanya hivyo. "Obasan" ni shangazi, lakini "obaasan" ni nyanya. Mgeni asiyesikia tofauti hiyo anaweza kumwita shangazi wa mtu bibi kizee. Mtoto aliyelelewa katika Kikalenjin ana sikio lililokwisha kunolewa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana mwalimu hapaswi kumkataza kutumia lugha ya nyumbani. Hapa lugha ya mama ni msaada.

Tofauti kubwa iko katika mpangilio wa sentensi. Kikalenjin kwa kawaida hutanguliza kitenzi, Kiswahili hukiweka katikati, na Kijapani hukiweka mwisho. "Mtoto anakunywa maziwa" kwa Kijapani ni "Kodomo wa miruku o nomimasu", yaani, tukifuata mpangilio wao, "Mtoto maziwa anakunywa". Chukua watoto watatu, kila mmoja ashike kadi ya neno moja, na mwenye kadi ya kitenzi ahame: mbele, katikati, nyuma. Kwa dakika mbili watakuwa wameelewa jambo ambalo maelezo marefu ya sarufi yangewachosha.

SOMO LA KWANZA: DAKIKA 30

Tumeziandika irabu ndefu kwa kurudia herufi, kama tunavyoandika "choo" na "kaa", ili msomaji wa Kiswahili azitamke bila shida.

1. Salamu (dakika 5). Watoto wasimame, wainamishe kichwa kidogo, waseme "Konnichiwa", salamu ya mchana. Asubuhi ni "Ohayoo gozaimasu". Kisha kila mmoja ajitaje: "Watashi wa Chebet desu", yaani "Mimi ni Chebet". Irabu ya mwisho ya "desu" haisikiki sana. Wafundishe pia adabu: jina la mtu mwingine huongezewa "san", na la mwalimu huongezewa "sensei", lakini mtu hajiongezei "san" kwenye jina lake mwenyewe.

2. Kupiga makofi (dakika 5). Kila pigo la neno lipigiwe kofi moja. O-ba-sa-n, makofi manne. O-ba-a-sa-n, matano. Ho-n, mawili. Hapa ndipo kosa la Waswahili litakapojitokeza. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto atasema "sa-KU-ra". Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo, na kila pigo huchukua muda sawa. Makofi yatamrekebisha bila aibu.

3. Mchezo wa mwili (dakika 10). Mwalimu aseme neno, watoto waguse: atama (kichwa), me (jicho), mimi (sikio), hana (pua), kuchi (mdomo), te (mkono), hiza (goti), ashi (mguu). Wakishazoea, waongeze "ga itai", yaani "inauma". "Hiza ga itai": goti linauma. "Mimi ga itai": sikio linauma. Waigize, wacheke. Hii ndiyo sentensi ya kwanza yenye kazi kamili, na ndiyo ambayo kijana yule wa miaka 15 angeihitaji.

4. Hesabu (dakika 7). Ichi, ni, san, yon, go, roku, nana, hachi, kyuu, juu. Kumi kwa Kijapani ni "juu", basi wanapofika kumi wainue mikono juu. Kumi na moja ni juu-ichi, kumi na mbili ni juu-ni, kama sisi tunavyohesabu. Ishirini ni ni-juu, yaani makumi mawili. Mtoto aliyejua maneno kumi ameweza kuhesabu hadi 99.

5. Kuaga (dakika 3). Watoto wamshukuru mwalimu: "Arigatoo gozaimashita".

MAANDISHI YASUBIRI

Mwalimu asianze na maandishi. Japani yenyewe huwapa watoto wake muda. Wao huingia shuleni wakiwa tayari wanaizungumza lugha, hujifunza kwanza hiragana, yenye herufi za msingi 46, na alama za kanji hufuata kidogo kidogo: 80 katika darasa la kwanza, na jumla ya 1,026 kufikia mwisho wa miaka sita ya shule ya msingi. Ikiwa mtoto wa Kijapani hupewa miaka sita, wetu asilazimishwe kwa muhula mmoja.

Baada ya miezi mitatu hivi, mwonjeshe. Alama ya mti ni 木. Miti miwili, 林, ni kichaka cha miti. Mitatu, 森, ni msitu. Mtoto anayeujua msitu wa Kaptagat ataikumbuka bila kukariri. Kisha aandike jina lake kwa katakana, herufi zinazotumika kwa maneno na majina ya kigeni. Kiprono huwa ki-pu-ro-no, キプロノ. Ataipeleka nyumbani na kuibandika ukutani.

TAHADHARI KWA WAZAZI

Hapa tuseme ukweli bila kuzunguka. Kaunti hii inaujua uchungu wa mipango ya ng'ambo inapokwenda mrama. Kuna familia zilizouza ng'ombe na vipande vya ardhi, na kilichofuata kinajulikana. Kwa hiyo mtu akija na ahadi kwamba mtoto wako wa Gredi ya Nne akilipiwa masomo ya Kijapani amejihakikishia kazi Japani, mwulize maswali.

Visa ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, ambayo Japani ilianza kuitoa Aprili 2019, ni ya watu wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kwa kawaida mwombaji hupimwa ujuzi wa kazi na pia lugha, na kiwango cha lugha ni N4 katika mtihani wa JLPT, wenye ngazi tano kuanzia N5 hadi N1, au kufaulu mtihani wa JFT-Basic. Kati ya mtoto wa miaka 9 na visa hiyo kuna miaka tisa. Hakuna cheti cha utotoni kinachoifupisha.

Kumbuka mambo haya matatu:

• Klabu ya watoto inahitaji ubao, kadi za manila na mwalimu aliyejiandaa. Ukidaiwa maelfu ya shilingi, uliza ni ya nini, na udai risiti.

• Wakala wa ajira za ng'ambo lazima awe amesajiliwa. Hakikisha kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

• Kwa ndugu wakubwa waliofika umri wa kazi, Wakfu wa Japani umetoa kitabu kiitwacho Irodori, kinachopatikana bure kwenye intaneti. Hakikuandikwa kwa ajili ya watoto, lakini mwalimu anayejiandaa anaweza kujifunza humo na kusikiliza matamshi.

MWISHO

Neno moja la Kijapani ambalo Samuel Wanjiru alilitaja kuwa ndilo alilojifunza Japani ni "gaman". Maana yake ni uvumilivu wa mtu anayebeba uzito bila kulalamika. Wakimbiaji wetu wanaujua, na mkulima wa Moiben anayesubiri mvua anaujua pia.

Mzazi naye anauhitaji. Jioni mtoto wako akirudi nyumbani, akakushika sikio na kukuambia "mimi", usimwulize atapata kazi lini. Mwulize pua inaitwaje.