Somo kwa Wazazi: Kwa Nini Binti Huyu Hung'ang'ania, na Kijana Yule Hujitenga?



Mara nyingi mwaja kwangu kunena habari za watoto wenu waliokwisha kubaleghe. Mmoja asema: binti yangu ampenda kijana, na asipojibiwa katika simu kwa saa moja tu hukosa raha, hulia, husema ameachwa. Mwingine asema: mwanangu ana marafiki wengi, walakini mtu akitaka kumkaribia moyoni, yeye huondoka, akiumizwa hasemi, bali hucheka. Nanyi mwahukumu upesi, huyu ana tamaa, yule ana kiburi. Nataka leo tuichunguze hukumu hiyo, maana naona yatupoteza.

Asili ya elimu hii haiko mbali nasi. Katika miaka ya 1954 na 1955 bibi mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alikaa Uganda, akazizuru nyumba 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Kila baada ya majuma mawili hivi alikuja kuketi na akina mama wa Kiganda, akiwatazama watoto wao wachanga: hulia lini, humfuata nani, hunyamazishwa na nani. Aliona ya kuwa mtoto hashikamani na mama kwa ajili ya maziwa peke yake. Mama aliyezijua dalili za mtoto wake na kuziitikia, mtoto wake alitambaa akaenda mbali, akacheza, kisha akarudi, kama mtu ajuaye kwao ni wapi. Lakini wako waliolia sana hata wakiwa mikononi mwa mama zao. Habari hizo zilitoka katika kitabu mwaka 1967.

Baadaye, huko Baltimore katika Marekani, aliwajaribu watoto wa mwaka mmoja: mama amwacha mtoto dakika chache katika chumba kigeni, kisha arudi. Wengi walimkimbilia, wakatulia, wakarudia mchezo wao. Wengine walimshika na papo hapo kumsukuma kwa hasira, wala hawakutulizika. Na wengine walimgeuzia mama kisogo, wakashughulika na vitu vya kuchezea kana kwamba hakuna aliyeingia. Hao wa mwisho ndio wanaonisikitisha zaidi, kwa kuwa wataalamu waliofuata walipima mapigo ya mioyo yao, wakaona yaenda mbio. Uso umetulia, moyo hautulii! Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver waliandika kwamba njia hizi tatu zaonekana hata katika mapenzi ya watu wazima.

Basi, turudi kwa binti yetu. Yamkini alipokuwa mdogo mama yake alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani, au Mufindi kuchuma chai. Alikuja sikukuu, akaondoka alfajiri, mtoto akiwa amelala. Twaambiana, ondoka kimya asije akalia. Ni kweli, hakulia mbele yako. Lakini alijifunza ya kuwa mtu aweza kutoweka wakati wowote ukifumba macho. Sasa ana miaka kumi na sita, naye hafumbi macho. Hapo ndipo penye hatari: kwa hofu ya kuachwa, atakubali hata neno asilolitaka. Yule kijana naye, pengine ni mmoja wa wale walioachwa yatima na Ukimwi, uliopiga sana mkoa wetu wa Iringa, akahamishwa kutoka kwa mjomba hata kwa shangazi, huku akiambiwa kwamba mwanamume halii.

Msidhani nasema kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa tangu utotoni. Watu hubadilika, tena sana. Wala si lazima awe mama mzazi. Bibi aliyekuwapo kila siku ametosha kwa wengi wetu. Tena si kila kijana aliaye kwa ajili ya mchumba ana jeraha la zamani. Ujana una joto lake.

Lakini kumnyang'anya binti simu na kumchapa kwazidisha hofu ile ile. Afadhali umwambie siku utakayorudi, nawe urudi siku hiyo. Kijana naye usimlazimishe kusema. Mchukue shambani, palilieni pamoja, wala usishangae maneno yakija katika mstari wa kumi.

Mimi mwenyewe niliondoka kimya mara nyingi kwenda safari za Mbeya, mwanangu akiwa amelala. Sasa ana miaka kumi na mitano. Siku hizi humwamsha nikamuaga. Kila nichukuapo mfuko wangu huniuliza mara mbili siku ya kurudi, nami humjibu mara mbili.