SOMO LA KUJADILI: TUFUNGE ENEO, LAKINI TUKUBALIANE

Vikundi vya majadiliano si jambo geni kwetu. Mwaka 1973 watu kama milioni mbili nchini Tanzania walikaa katika vikundi wakasikiliza redio na kujadili kampeni ya Mtu ni Afya. Hawakuishia kuzungumza. Walichimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1980 ikafuata kampeni ya Misitu ni Mali. Leo tujifunze kutoka Shinyanga jinsi majadiliano yanavyoweza kurudisha miti.

Zamani Shinyanga ilikuwa na miti mingi. Miti ilikatwa ili kuua mbung'o, na mingine ikakatwa kupata mashamba ya pamba. Mifugo nayo ikazidi. Basi nchi ikabaki wazi. Akina mama walitembea mbali kutafuta kuni. Walipozikosa, walipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Tuone hasara yake: mavi yakiingia jikoni, shamba linakosa mbolea.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wataalamu waliwasikiliza wenyeji, na wenyeji walikuwa na mila yao iitwayo ngitili. Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Nyasi zinakua, na visiki vinachipua vyenyewe. Kiangazi kikiwa kikali eneo linafunguliwa, mifugo inapata malisho. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2003 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Watu walipata kuni, nguzo, dawa, asali na nyasi za kuezekea.

Haya, je, kufunga eneo ni rahisi? Hata kidogo. Mwenye ng'ombe wengi atauliza, "Nichungie wapi?" Mama atauliza, "Na mimi kuni nitapata wapi wiki hii?" Asiye na shamba atasema, "Mnafunga, mimi nafaidika nini?" Maswali haya ni ya haki. Tusiwanyamazishe wanaouliza. Mtu aliyenyamazishwa mchana ataingiza ng'ombe wake usiku.

Kwa hiyo kikundi chetu kifanye hivi:

1. Twende wote tukalione eneo kabla ya kusema lolote.
2. Kila mtu aseme, wafugaji na akina mama wakiwamo.
3. Tuanze na eneo dogo, na tuache njia ya kwenda kwenye maji.
4. Tukubaliane siku ya kufunga, siku ya kufungua, mlinzi na faini.
5. Mmoja wetu aandike yote tuliyokubaliana. Kalamu tuliyofundishwa kushika kazi yake ndiyo hii.
6. Tuyapeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ndogo ya kijiji inahitaji pia kukubaliwa na halmashauri ya wilaya.

Neno la mdomo husahaulika, na kila mtu hulikumbuka kwa namna yake. Lililoandikwa linasomwa tena mbele ya wote, tajiri na maskini.

Maswali ya kujadili:

(a) Kijijini kwetu ni eneo gani limebaki wazi? Nani anaumia zaidi?
(b) Tukilifunga, nani atakosa kitu? Tutamsaidiaje?
(c) Tutaanza lini?

Swali la mwisho tusiondoke bila kulijibu.