SOMO LA KWANZA: TUHESABU SAA ZA ZIADA KWA PYTHON

Ndugu wafanyakazi wa Paya, Tororo na Busia,

Karani akisema, "Kompyuta ndiyo imesema," wengi wetu hunyamaza. Lakini kompyuta husema lile tu ililoambiwa. Basi nasi tujifunze kuiamuru.

Python ni lugha ya kuiamuru kompyuta. Guido van Rossum wa Uholanzi aliitoa mwaka 1991, na haina malipo. Wafanyao kazi ya takwimu huitumia sana.

Tuseme saa moja hulipwa shilingi 2000. Tuandike saa za ziada za siku tano:

saa = [2, 3, 0, 4, 1]
malipo = 2000
print(sum(saa) * malipo * 1.5)

Mabano hushika orodha. Sum hujumlisha: 10. Nyota ni kuzidisha. Print huonyesha jibu: 30000.0.

Kwa nini 1.5? Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yataka saa ya ziada ya siku ya kawaida ilipwe mara moja na nusu. Ya sikukuu ya taifa, mara mbili.

Zoezi: Weka saa zako, kisha linganisha jibu na karatasi ya mshahara. Asiye na kompyuta aanze na daftari. Saa isiyoandikwa haidaiwi.