Pima mazutu kwa mizani, usipime kwa mshale

Asubuhi moja pale Fizi-Centre shefu wangu alifungua mlango wa Land Cruiser, akawasha kontakti, akatazama ubao, kisha akaniuliza mazutu yamekwenda wapi. Jioni mshale wa mafuta ulikuwa umepita nusu. Sasa ulikuwa chini ya robo. Gari lilikuwa limelala mbele ya ofisi, pua ikitazama mlimani. Kabla ya saa nne nilikuwa na barua mkononi: nieleze kwa maandishi zaidi ya lita 20 zilizouzwa usiku.

Dereva yeyote wa barabara ya Uvira, Baraka, Fizi hadi Lulimba anaifahamu barua hiyo. Wako wenzetu walioachishwa kazi kwa ajili yake, watu wenye watoto shuleni, na ushahidi pekee ulikuwa mshale. Hilo linaniuma, ndiyo maana naandika.

Ndani ya tanki kuna kielea kwenye mkono wa chuma. Mafuta yakishuka, kielea kinashuka, na mkono unateleza juu ya ukanda mdogo wa umeme. Kwenye Land Cruiser za zamani ukinzani wake ni kama omu 3 tanki likijaa, na kama omu 110 likiisha. Basi. Kifaa hicho hakijui lita. Kinajua tu uso wa mafuta uko juu kiasi gani pale kilipo chenyewe. Gari likiinama, mazutu yanakimbilia upande mmoja. Kuna gari ambalo mshale wake hupanda, na kuna ambalo hushuka kama langu. Tena mshale umetengenezwa uende polepole, usirukeruke kwenye mashimo, kwa hiyo mtu anayewasha kontakti na kutazama mara moja anasoma kitu ambacho hakijatulia.

Nilimwambia, “Shefu, tulishushe gari mpaka penye tambarare.” Tukalishusha, tukangoja. Mshale ukapanda taratibu mpaka karibu na nusu. Akasema huenda nimegusa waya. Hapo nikaona maneno hayatanisaidia, nikamwomba tuteremke wote Baraka, kilomita 35 hivi, tukajaze tanki mbele ya macho yake.

Nitaeleza hatua tatu za kujikinga na barua hiyo. Ya kwanza ni kupata lita za kweli, na hiyo ndiyo kazi yote.

Tatizo la kwetu ni kwamba mazutu yanauzwa kwa bidoni, na bidoni si kipimo. Bidoni ya njano inayoitwa ya 20, ukiijaza mpaka shingoni, inabeba zaidi ya 20. Nyingine kitako chake kimesukumwa ndani kwa joto, nayo inabeba pungufu, na kwa nje huoni kitu. Mimi hupeleka bidoni kwenye mizani ya wauza ndakala, wale samaki wadogo. Pima bidoni tupu kwanza. Pima iliyojaa. Toa uzito wa bidoni, kilo zinazobaki gawanya kwa 0.84, maana lita moja ya mazutu ina uzito wa kilo 0.84 hivi. Lita 20 ni kama kilo 17 kasoro kidogo. Ukipata zaidi sana kwa ujazo uleule, shuku maji. Kwa esansi gawanya kwa 0.74.

Siku ile pale Baraka, kadhafi wa kwanza, yaani muuza mafuta wa barabarani, kijana mwenye meza nzuri na mwavuli, alicheka: “Mzee, unanunua mazutu au samaki?” Tulipopima, bidoni yake ya 20 ilitoa kilo 15, yaani haifiki hata lita 18. Akabeba mali yake akaondoka bila kuaga. Mama mmoja anayeuza kwenye njia ya kutokea mjini alisema tu, “Pima, mwanangu,” na za kwake zilikuwa sawa zote. Tangu siku hiyo sinunui kwingine nikiwa Baraka. Watu husema makadhafi wote ni wezi. Si kweli, na kituo chenye pampu iliyochakaa hakinipi imani zaidi ya mama yule.

Tulijaza mpaka shingoni, gari likiwa tambarare. Ziliingia lita 43. Daftari la gari lilionyesha kilomita 310 tangu tulipojaza vivyo hivyo Uvira. Hiyo ni karibu lita 14 kwa kilomita 100, matumizi yaleyale ya gari lile kila mwezi. Kama ningeuza lita 20, tanki lingemeza 63. Shefu alipiga hesabu mwenyewe kwenye simu, mara mbili, kisha akaichukua barua yake. Samahani hakusema. Mpaka leo namdai.

Hatua ya pili ni kubandika utepe kwenye kioo cha geji na kuweka alama kila unapomimina lita 20 zilizopimwa, gari likiwa tambarare, kontakti imewashwa dakika mbili. Utashangaa: kwenye F mshale hukaa muda mrefu, halafu huporomoka, na sababu moja ni kwamba tanki si sanduku lenye pande sawa.

Hatua ya tatu ni ya kielea kilichokufa kabisa: usikimbilie kipya kisicho na jina. Nilifungiwa kimoja mkono wake ukiwa mfupi. Mshale ulikaa kwenye sifuri tanki likiwa na mafuta ya kutosha. Bora cha okazi kilichotolewa kwenye gari la aina ileile. Mafuta mabaya nayo hula sehemu hizo: mwaka 2004 kule Florida na Louisiana, Marekani, petroli yenye salfa iliharibu geji za magari mengi. Mengine mnayajua: angalia mvujo, mwaga maji ya filta, usipande Fizi ukiwa chini ya robo.

Shefu unayesoma haya, kabla hujaandika barua, fungua daftari: kilomita ngapi, lita ngapi, tanki lilijaa wapi. Nawe dereva ukiandikiwa barua hiyo, usiijibu siku hiyohiyo. Omba gari lijazwe kwa bidoni zilizopimwa, mbele ya mashahidi, ndipo ujibu.