Bandama ya Mtoto Mwenye Selimundu: Ijue Kabla Haijavimba

Mtoto mwenye selimundu anaweza kuamka na mafua ya kawaida, mchana akacheza na wenzake, na kufikia usiku akawa hajiwezi. Bandama yake imenasa damu. Hali hii inaweza kumuua mtoto mdogo ndani ya saa chache, huku nyumbani wakidhani ni malaria na wakisubiri dawa ifanye kazi. Tunakuomba jambo moja, mzazi au mlezi: jifunze kuipapasa bandama ya mwanao akiwa mzima, ili siku ikivimba uitambue mapema.

Kinachotokea tumboni

Bandama, au wengu, iko upande wa kushoto wa tumbo, juu, chini ya mbavu. Huchuja damu, huondoa chembe nyekundu zilizochakaa na kusaidia kupambana na vijidudu. Chembe za mtoto mwenye selimundu hukakamaa na kujipinda, zikifika kwenye vijia vyembamba vya bandama zikakwama. Siku nyingi hukwama kidogo kidogo tu. Lakini mwili ukivamiwa na virusi vya mafua, kikohozi au homa nyingine, damu nyingi inaweza kukwama kwa mpigo: inaingia kwenye bandama na haitoki. Tumbo linajaa upande wa kushoto, na moyo unabaki na damu kidogo ya kusukuma. Ndiyo maana mtoto hupauka ilhali hakuna tone lililomwagika. Wakati mwingine haya hutokea bila ugonjwa wowote kutangulia.

Wanaopatwa zaidi ni watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Baada ya hapo, kwa wengi wao, bandama huwa imeharibika na kusinyaa, ingawa kwa baadhi hubaki kubwa hadi ukubwani na hatari hubaki nayo.

Kirusi kimoja kinastahili kutajwa kwa jina: parvovirusi B19, kilichogunduliwa London mwaka 1975. Chenyewe huingia kwenye uboho wa mifupa, pale damu inapotengenezwa, na kusimamisha kazi kwa siku 7 hadi 10 hivi. Mtu asiye na selimundu huenda hata asijue, maana chembe zake nyekundu huishi takriban siku 120. Za mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, kwa hiyo uboho ukisimama wiki moja, damu hupungua vibaya. Hapo bandama inaweza isivimbe kabisa. Basi mtoto aliyepauka ghafla apelekwe hospitali hata kama tumbo lake ni laini. Na kama ndugu zake pia wana selimundu, nao wapimwe damu, kwani kirusi hiki huambukiza nyumba nzima kwa urahisi.

Mkono wa mama

Huko Kingston, Jamaika, kuanzia mwaka 1973 watoto wachanga walipimwa selimundu na kufuatiliwa kwa miaka. Daktari Graham Serjeant na wenzake waliwafundisha akina mama kupapasa bandama nyumbani. Kabla ya mafunzo, katika kila matukio 100 ya bandama kunasa damu, watoto 29 hivi walifariki. Baada ya mafunzo walifariki 3. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1985. Mama hao hawakupewa mashine yoyote. Walitumia vidole vyao, na walijua la kufanya vidole vilipogusa kitu kigeni. Tunaamini mama na baba wa Mwanza au Temeke wanaweza vilevile.

Fanya hivi. Mlaze mtoto chali, magoti yameinuliwa kidogo ili tumbo lilegee. Pasha viganja vyako joto, maana mkono wa baridi humfanya akaze tumbo. Anzia chini, karibu na nyonga ya kushoto, ukibonyeza taratibu kwa ncha za vidole huku ukipanda kuelekea mbavu. Usianzie juu, kwa sababu bandama iliyokua sana utaipita bila kujua. Ikiwepo, utahisi ukingo mgumu unaogonga vidole mtoto anapovuta pumzi. Pima kwa upana wa vidole vyako: umeshuka kiasi gani kutoka kwenye mbavu? Andika kwenye daftari la kliniki, pamoja na tarehe. Mwombe nesi akusimamie mara ya kwanza.

Kwetu, ambako malaria ipo, watoto wengine wana bandama kubwa siku zote. Kwa hiyo linganisha na ile uliyoizoea. Papasa kila siku, na mara kadhaa kwa siku akiwa na homa au mafua.

Usisubiri kesho

Bandama ikiwa kubwa kuliko jana, au viganja, midomo na ndani ya kope zikiwa nyeupe, au mtoto akilegea, akihema haraka, akilia kwa maumivu ya tumbo, ondoka hapohapo, hata kama ni usiku. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi nayo ni safari ya hospitali, kwa sababu bandama iliyodhoofika haizuii bakteria ipasavyo. Usichue tumbo wala kulikanda. Bandama iliyojaa inaweza kupasuka. Usikubali achanjwe chale ubavuni. Vidonge vya madini chuma havitarudisha damu iliyonaswa.

Ukifika mapokezi usikae foleni kimya. Sema: "Sista, mwanangu ana selimundu. Bandama imeongezeka vidole viwili tangu asubuhi na amepauka. Naomba aonwe sasa hivi." Atahitaji kuongezewa damu, na daktari ataiongeza kidogo kidogo, maana bandama ikilegea hurudisha ile iliyonaswa na damu inaweza kuzidi. Kama kuna ndugu wa kuchangia damu, mpigie simu mkiwa njiani.

Tukio hili hupenda kujirudia, mara nyingi ndani ya miezi michache. Kabla hamjaruhusiwa, muulize daktari bandama imebaki vidole vingapi, na lini atapimwa tena. Likijirudia, huenda akashauri bandama iondolewe kwa upasuaji. Penisilini ya kila siku, asidi ya foliki na chanjo ya nimonia ziendelee kama kliniki ilivyopanga. Na yeyote atakayebaki na mtoto ukienda kazini, bibi, dada wa kazi au kaka mkubwa, afundishwe kupapasa.