Swali Linaloanzia Wodini: Muuguzi wa Hospitali na Utafiti wa Uuguzi

Wauguzi wengi wa hospitali za wilaya huuhesabu utafiti kuwa kazi ya wageni. Wageni hao hufika kwa gari, huomba madaftari ya wodi, huuliza maswali kwa siku chache, kisha huondoka na majibu yao. Somo hili linakusudia kuonesha kwamba muuguzi wa Murgwanza, Rulenge au Biharamulo anaweza kuwa mwenye swali na si mtoa daftari tu. Linakusudia pia kueleza anachopaswa kumtendea mgonjwa anayelisaidia swali hilo kupata jibu. Wagonjwa na ndugu zao wanaosoma jarida hili watakuta humu haki zao.

Utafiti wa uuguzi ni nini

Utafiti wa uuguzi ni kutafuta, kwa utaratibu uliopangwa mapema, jibu la swali linalohusu huduma ambayo muuguzi humpa mgonjwa: kumlisha, kumgeuza, kumpunguzia maumivu, kumpa dawa kwa saa yake, kumkinga na maambukizi, kumfundisha kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Neno kuu hapa ni utaratibu. Kila muuguzi mzoefu ana maoni yaliyotokana na miaka ya zamu, na maoni hayo yana thamani. Hata hivyo, maoni hayawezi kukaguliwa na mtu mwingine, na mwenye nayo akihamishwa huondoka nayo. Jibu lililopimwa na kuandikwa hubaki wodini.

Msingi wa kazi hii muuguzi tayari anao, yaani kumbukumbu. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ilitangaza mlipuko wa homa ya Marburg wilayani Biharamulo, na tarehe 13 Machi mwaka huo ukatangazwa kumalizika. Katika mlipuko wa namna hiyo, maswali ya kwanza ya wachunguzi huwa mepesi kuuliza na magumu kujibu: dalili zilianza siku gani, nani alimhudumia mgonjwa, alilala kitanda kipi, nani alimgusa? Majibu hutegemea sana kilichoandikwa siku ile ile na aliyekuwa zamu.

Ushahidi kutoka nchini kwetu

Mwaka 2009 Tanzania ilianza kuwafundisha wakunga katika hospitali 8 namna ya kumsaidia kichanga asiyepumua ndani ya dakika ya kwanza ya maisha yake: kumkausha, kumsisimua na, inapobidi, kumpumulisha kwa mfuko na barakoa. Taarifa za uzazi zilikusanywa kabla na baada ya mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kwamba vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Ni upungufu wa karibu nusu, na kazi yenyewe ilifanywa kwa mikono ya wakunga.

Kazi ya aina hiyo iliendelezwa baadaye katika vituo 30 vya mikoa mitano, ukiwemo Geita, jirani wa Biharamulo. Wilaya ya Chato, ambayo sasa imo katika mkoa huo, ilimegwa kutoka Biharamulo. Kwa hiyo ushahidi huu haukutoka mbali. Umetoka katika vyumba vya kujifungulia vinavyofanana na vyetu.

Kutoka swali hadi jibu

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hatua kwa hatua. Katika vilima vya Ngara usiku huwa na baridi, na kichanga aliyelowa hupoteza joto upesi. Joto la kawaida la kichanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi.

Hatua ya kwanza ni kulipunguza swali mpaka lipimike. "Kwa nini watoto wetu hupoa?" ni swali pana mno. "Kati ya watoto wanaozaliwa hapa, ni wangapi huwa na joto chini ya nyuzi 36.5 saa moja baada ya kuzaliwa?" ni swali ambalo kipimajoto kinaweza kulijibu.

Hatua ya pili ni kuuliza wengine wameshajua nini. Tayari inafahamika kwamba kumkausha mtoto mara moja na kumlaza kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, humkinga na baridi. Hivyo haifai kabisa kuwanyima watoto baadhi huduma hiyo ili wawe kundi la kulinganisha. Kinachofaa kuulizwa ni kama huduma hiyo inatolewa kweli kwa kila mtoto na, pale isipotolewa, ni kwa sababu gani.

Hatua ya tatu ni kukubaliana namna moja ya kupima. Wote wapime kwapani, kwa muda ule ule, kwa vipimajoto vilivyolinganishwa kwanza. Wakunga wawili wakipima kwa namna mbili, tofauti itakayoonekana ni ya wakunga, si ya watoto.

Hatua ya nne ni kuandika ukweli. Hapa ndipo utafiti mwingi wa wodini huharibika. Kwenye zamu ya usiku yenye akina mama wengi na mkunga mmoja, kishawishi cha kujaza 36.6 ili mstari usibaki wazi ni kikubwa. Nafasi iliyoachwa wazi inaeleza jambo la kweli, kwamba mtoto huyu hakupimwa. Namba ya kubuni inadanganya, tena inawadanganya wale watakaoamua kama wodi inahitaji kipasha joto au mkunga wa pili. Ikiwa wasiopimwa ni wale wa usiku, huenda hao ndio waliopoa zaidi. Basi idadi yao nayo ihesabiwe na kutajwa.

Hatua ya tano ni kuhesabu kwa kigawanyo. Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, kwamba mwezi wa kwanza walipimwa watoto 80 na 28 wakakutwa wamepoa. Wodi ikajiwekea utaratibu mpya, na mwezi uliofuata wakapimwa watoto 120, na 30 wakakutwa wamepoa. Anayetazama 28 na 30 atasema hali imezidi kuwa mbaya. Anayegawanya ataona kwamba waliopoa wameshuka kutoka asilimia 35 hadi 25. Hata hapo asishangilie mapema, bali ajiulize kama mwezi wa pili haukuwa na joto zaidi kuliko wa kwanza.

Kibali na ridhaa

Utafiti hauanzi kwa hiari ya muuguzi peke yake. Mganga Mfawidhi, Muuguzi Mfawidhi na Mganga Mkuu wa Wilaya hupaswa kujua na kukubali. Utafiti unaohusu binadamu huhitaji pia kibali cha kamati ya maadili. Kitaifa kamati hiyo hufanya kazi chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, na vyuo vikuu vya afya navyo vina kamati zao. Muuguzi asiyejua aanzie wapi atafute mwalimu wa chuo au mtafiti mzoefu wa kumwongoza kabla ya kukusanya taarifa yoyote.

Baada ya kibali huja ridhaa ya mgonjwa, na hapa muuguzi yuko katika nafasi ngumu kuliko mtafiti mgeni. Yeye ndiye anayemwomba mama ridhaa, na ndiye atakayemhudumia usiku. Mama aweza kukubali kwa kuogopa kwamba akikataa atachelewa kuhudumiwa. Kwa hiyo inafaa ridhaa iombwe na mtu asiyemhudumia mama huyo, pale inapowezekana, na isiombwe wakati uchungu umekolea. Inafaa pia ielezwe kwa lugha ambayo mama anaielewa barabara. Mama wa Ngara anayezungumza Kihangaza au Kishubi, au wa Biharamulo anayezungumza Kisubi, aweza kuitikia "ndiyo" kwa Kiswahili kwa adabu tu. Mwombe akueleze kwa maneno yake alichokielewa. Jibu lake ndilo litakalokuonesha kama ameelewa.

Kwa mgonjwa na ndugu

Unapoombwa kushiriki katika utafiti, una haki ya kuuliza unahusu nini, utakugharimu nini, na nani ataona taarifa zako. Una haki ya kukataa, au kukubali kisha ukajitoa, bila kutoa sababu na bila huduma yako kupungua. Jina lako halipaswi kuonekana katika matokeo. Hili lina uzito katika wilaya ambako watu wanajuana, kwani hata kutaja kijiji na umri kwaweza kumtambulisha mtu.

Matokeo yarudi yalikotoka

Utafiti ambao majibu yake hayakurudi wodini umechukua bila kulipa. Matokeo yasomwe kwanza katika makabidhiano ya zamu na kikao cha wodi, kisha kwa uongozi wa hospitali, ndipo yapelekwe chuoni au kwenye jarida. Wauguzi waliopima usiku watambuliwe kwa majina, wakiridhia, kama washiriki wa kazi hiyo. Wakiona namba zao zimeleta blanketi, kipimajoto au ratiba bora ya zamu, nafasi zitakazojazwa kwa kubahatisha zitapungua.

Maswali ya kujadili wodini

1. Ni jambo gani ambalo zamu zote hulilalamikia lakini hakuna aliyewahi kulihesabu?
2. Katika daftari la mwezi uliopita, ni nafasi zipi huachwa wazi mara nyingi, na kwa nini?
3. Katika wodi yenu, nani angefaa kuomba ridhaa ili mgonjwa awe huru kukataa?